Mbuyu uliokatwa bila shoka

“Kaka, njoo uone. Mbuyu umenyolewa.”

Aliyeita ni kijana wa kidato cha tatu, na mimi mwenyewe sikupata neno jingine lililofaa zaidi. Mbuyu tulioutaabikia wiki mbili ulikuwa umesimama katikati ya uwanda, shina nene kama kibanda, matawi yametanda kusini, kaskazini na magharibi. Mashariki hapakuwa na kitu. Matawi yote ya upande ule yaliishia kwenye mstari mmoja, majani yamesimama wima kama ukuta uliopigwa plasta, na kwenye ukuta huo ungeweza kuhesabu ncha za matawi, kila moja kiduara cha mbao ndani ya kijani. Hakuna aliyeupiga shoka. Ulizaliwa hivyo.

Nakieleza kisa hiki hatua kwa hatua, pamoja na makosa yetu, kwa sababu anayeingiza miti mikubwa kwenye mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa bloku lazima akutane na ukuta huu, na wengi wakiuona huamua kuidogosha miti. Sisi nusura tuidogoshe.

Kikundi chetu hukutana Bagamoyo, Jumamosi jioni, chumba kimoja chenye kompyuta sita za mitumba. Moja ndiyo seva, nyingine zimeungwa nayo kwa waya, intaneti hatuitegemei. Mchezo ni Luanti, ambao hadi Oktoba 2024 uliitwa Minetest. Aliyeuanzisha mwaka 2010 ni Mfini, Perttu Ahola. Ni wa bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na unakubali kukimbia kwenye mashine ambayo fundi angekushauri uiuze kwa kilo. Jina jipya limefumbwa kutoka maneno mawili: luonti, Kifini cha uumbaji, na Lua, lugha ya programu iliyozaliwa Brazil ambayo modi za mchezo, yaani nyongeza ambazo wachezaji hujiandikia wenyewe, huandikwa kwayo. Kwa Kireno lua ni mwezi. Vijana walilipenda hilo kuliko mchezo wenyewe.

Wanachojenga ni Bagamoyo yao. Ngome Kongwe wameshaimaliza, Boma la Wajerumani limesimama, mitaa ya nyumba za mawe ya matumbawe inaendelea, soko la samaki bado halina paa. Vyote kwa mkono, bloku juu ya bloku. Kilichowashinda ni miti. Mti wa kawaida wa mchezo huu una bloku saba hivi kwenda juu. Ukiusimamisha kando ya Boma unaona mchicha. Na Bagamoyo bila mibuyu si Bagamoyo. Kaole, kusini mwa mji, kwenye magofu ya misikiti na makaburi, upo mbuyu ambao wageni huambiwa wauzunguke ili waishi miaka mingi. Kwenye uwanja wa misheni ya Wakatoliki upo mwingine unaosimuliwa kuwa ulipandwa 1868, mwaka walipofika mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Huo una mnyororo. Inasemekana ulifungiwa punda, ukasahaulika, mti ukanenepa ukaumeza, na sasa kinachoonekana ni kipande kidogo tu kikitokeza kwenye gome. Vijana walitaka mbuyu wa namna hiyo: unaomeza mnyororo.

Kuhusu kimo palitokea mzozo. Bloku moja huhesabiwa kama mita moja, na mbuyu wa kweli ukifika mita 25 umejitahidi. Wao walitaka 60. Mmoja wao, binti mwenye tabia ya kuhoji kila kitu, akasema huo ni uongo. Nikamjibu kwamba mwaka 2016 ilitangazwa kuwa kwenye bonde moja la Kilimanjaro kuna mti wenye mita 81.5, mrefu kuliko yote ya asili iliyopata kupimwa Afrika, kwa hiyo mita 60 si uongo Tanzania. “Ule ni mbuyu?” akauliza. Sio. Tukaendelea na 60. Swali hilo lilikuja kutudai baadaye.

Kwanza tulijaribu njia iliyomo ndani ya injini yenyewe, yaani programu inayoendesha mchezo. Luanti inaweza kuotesha miti kwa kanuni za herufi zilizobuniwa mwaka 1968 na Aristid Lindenmayer, mwanabiolojia kutoka Hungaria: unaanza na herufi moja, kila mzunguko herufi inabadilishwa na kifungu cha herufi, na mwisho kifungu kirefu kinasomwa kama maelekezo: songa mbele, pinda, chepuka, rudi. Ni njia nzuri kwa miti ya kati. Kwa mbuyu ilitupa kichaka kilichopanda ngazi. Tukaandika msimbo wetu wenyewe.

Hapa lazima nieleze namna ulimwengu wa Luanti unavyozaliwa, maana ugonjwa uko hapo.

Ulimwengu hauumbwi wote kwa mkupuo, na hauwezi: unatoka karibu −31,000 hadi karibu 31,000 kila upande, juu na chini pia. Unaumbwa kwa vipande vinavyoitwa chanki, bloku 80 kwa 80 kwa 80, na chanki huzaliwa pale mchezaji anapoikaribia. Hiyo ni bloku 512,000 kwa pigo moja. Chanki ikizaliwa, injini inaiita modi yako, inakukabidhi eneo la kazi na kukwambia: haya, weka vyako. Eneo hilo ni chanki yenyewe pamoja na ukingo wa bloku 16 kuizunguka pande zote, hata juu na chini. Kwa hiyo ni 112 kwa 112 kwa 112. Ukingo umewekwa kwa ajili ya miti hasa: mti ukiota mpakani, matawi yapate pa kulalia. Bloku 16 zinatosha mwembe. Mbuyu wetu ulikuwa na tawi la bloku 40.

Kabla ya kunyolewa, mbuyu ulikuwa na mashetani. Siku ya kwanza kabisa tuliona mafungu ya majani yakielea hewani peke yake, hayana tawi wala shina, mbali na mti wowote. Mmoja aliyekuwa akichimba shimo akakutana na majani mabichi ndani ya jiwe, zaidi ya bloku hamsini chini ya ardhi. Bagamoyo hukosi mtu wa kukueleza nani anakaa kwenye mibuyu, na chumba kizima kilikubaliana haraka sana.

Lakini majani yale yalikuwa na nidhamu isiyo ya kijini. Eneo la kazi halihifadhiwi kama sanduku, linahifadhiwa kama mstari mmoja mrefu wa namba 1,404,928. Namba za kwanza ni bloku za safu moja kutoka magharibi kwenda mashariki. Safu ikijaa, inayofuata inaanza tena magharibi, bloku moja juu. Safu zikifika kileleni, unaanza ukuta mwingine mpya kutoka chini, bloku moja kaskazini. Ni kama kuandika daftarini: mstari ukiisha unarudi kushoto. Sasa tawi letu lilipopita mwisho wa safu, hesabu haikugoma wala kulalamika. Iliandika kwenye nafasi inayofuata, yaani magharibi kabisa ya eneo, bloku moja juu. Na kilele kilichozidi kimo cha eneo kikaandikwa mwanzo wa ukuta uliofuata, yaani chini kabisa ardhini. Tulipochukua namba za jani moja linaloelea, tukaongeza 112 kuelekea mashariki na kushuka bloku moja, zikatua pale hasa tawi lilipotakiwa kuwa.

Dawa ilikuwa mstari mmoja wa msimbo: kabla ya kuandika bloku, uliza kama imo ndani ya eneo, kama haimo, iache. Mashetani yakaondoka jioni ileile. Kilichobaki ni mbuyu ulionyolewa, na sasa unaelewa ulitoka wapi. Zamani matawi yaliyozidi yalipotea njia. Sasa yalikuwa hayaandikwi kabisa.

Niliwapa daftari wakazunguke. Ukibonyeza F5 unaona namba za mahali uliposimama, kwa hiyo kila aliyeona uso uliokatwa aliandika. Waliporudi, upande wa mashariki nyuso zilikuwa kwenye 63, 143 na 223. Upande wa magharibi, 32, 112 na 192. Tofauti ni 80 kila mara. Chanki ya katikati inatoka −32 hadi 47. Ongeza ukingo wa 16, unapata 63. Inayofuata inaanza 48. Toa 16, unapata 32. Binti yule akaongeza kitu ambacho sikuwa nimekiona: hata vichwa vya mibuyu mirefu vilikuwa bapa, vyote kwenye kimo cha 63. Ardhi yetu iko kimo cha 8, mti unaanzia 9, kwa hiyo mti wa bloku 55 unasalimika na wa 60 unakatwa kichwa. Sisi wengine tuliona ubapa ule tukausifu. Tulidhani umetoka kama mgunga.

Njia ya kwanza ya kutoka hapa ni kukubali: tawi lisizidi bloku 16, kimo kisizidi 55, basi. Modi nyingi zimefanya hivyo na si aibu. Nilipoipendekeza nilijibiwa, “Kaka, si bora tupande mchicha kabisa?”

Njia ya pili ni kuongeza ukubwa wa chanki, kwani mpangilio huo upo. Haisaidii. Chanki inakua lakini ukingo unabaki 16, na seva ya mtumba inazidi kuhema.

Njia ya tatu ndiyo iliyonifedhehesha, kwa kuwa niliileta mimi. Nilisema: mti ukihitaji bloku za jirani ambaye hajazaliwa, tumwombe injini amzae jirani kwanza, kisha tuandike. Kwa mti mmoja wa majaribio ilikwenda vizuri, tukapiga makofi, nikaiacha seva iwake usiku ili ulimwengu ujae mibuyu. Asubuhi faili la ramani lilikuwa limevimba mara kadhaa na diski imebakiwa na nafasi ya kupumua tu. Hakuna mchezaji aliyekuwa ameingia. Ilikuwa hivi: chanki mpya inaotesha mbuyu, mbuyu unaita jirani azaliwe, jirani naye ni chanki mpya, anaotesha mbuyu wake, mbuyu huo unaita jirani wa jirani. Ulimwengu ulikuwa unajiumba wenyewe kuelekea pande zote, bila mtazamaji. Kilichousimamisha ni umeme kukatika saa nane usiku, na ndiyo mara ya pekee nimewahi kuushukuru mgawo.

Njia ya nne aliileta binti. Hakuileta kama nadharia, aliileta kama ugomvi wa nyumbani. Kwao kuna mwembe wa jirani uliovuka ukuta. Shina liko kule, kivuli na majani makavu viko kwao, na kila asubuhi yeye ndiye anayefagia. “Jirani haji kufagia kwetu,” alisema. “Na sisi hatwendi kwake. Kila mtu anafagia uwanja wake, lakini lazima ujue kwa jirani kuna mwembe.”

Tafsiri yake kwenye msimbo ni kugeuza swali. Sisi tulikuwa tunamwambia mti: jichore. Mti ukajichora hadi ukagonga ukuta. Swali linapaswa kwenda kwa chanki: ni miti gani, iwe imeota kwako au kwa jirani, inayoweza kufikisha tawi hapa? Ichukue yote, chora sehemu inayoangukia ndani ya mpaka wako tu, usiguse kwa mtu. Jirani naye akizaliwa, leo au mwakani, atachora yake. Ukingo wa 16 hauhitajiki tena.

Ugumu ni kwamba jirani wa kwenye mchezo, tofauti na jirani wa binti, pengine bado hayupo. Huwezi kuchungulia juu ya ukuta ukaona mwembe. Inabidi uujue mti ambao haujaota. Hilo linawezekana kwa sharti moja: mti usitokane na kumbukumbu wala na bahati ya dakika ile, utokane na hesabu ambayo yeyote akiifanya, wakati wowote, anapata jibu lilelile. Kila ulimwengu wa Luanti una namba yake ya mwanzo, ambayo wachezaji huiita mbegu. Tukaigawa ramani kwenye viwanja vya bloku 96 kwa 96, visivyohusiana na mipaka ya chanki. Kila kiwanja kina namba zake mbili. Changanya mbegu na namba hizo mbili, mpe mchanganyiko huo PcgRandom, kifaa cha namba za nasibu kilichomo kwenye injini, na tayari una mkondo wa namba ambao ni wa kiwanja hicho peke yake. Namba ya kwanza inaamua kama kuna mbuyu au hakuna, mbili zinazofuata zinaamua umesimama wapi, nyingine zote ni za umbo.

Kwa tawi lisilozidi bloku 40, chanki moja inahitaji kuuliza viwanja visivyozidi tisa. Na mti mmoja hauwezi kugusa chanki zaidi ya nane: mbili mashariki na magharibi, mbili kaskazini na kusini, mbili chini na juu. Kwa mashine zetu ni mzigo wa kawaida.

Tukawasha. Nusu mbili za mbuyu zikakutana mpakani na hazikufanana.

Kosa hili lilitula jioni tatu na ndilo ningependa msomaji alikumbuke kuliko mengine. Kushoto mwa mpaka kulikuwa na nusu ya mbuyu mzuri. Kulia kulikuwa na nusu ya mbuyu mwingine mzuri. Shina lilikuwa moja, tawi la kwanza na la pili yaliungana bila kovu, kisha kuanzia la tatu kila upande ulikwenda zake, kama kanga ya pande mbili zisizo pea. Mbegu ni ileile, kiwanja ni kilekile, msimbo ni uleule. Mkondo wa namba tukauchapa, ulikuwa uleule.

Kilichokuwa kimetokea ni uchumi wangu. Ili kupunguza kazi niliweka mahali nilipoona panafaa: tawi likielekea nje ya chanki hii, liruke, usilihesabu. Inaonekana busara. Lakini kila tawi linakula namba: moja ya urefu, moja ya mpindo, moja ya kuamua lichanike wapi, na watoto wake wanakula zao. Tawi la tatu lilielekea mashariki. Chanki ya mashariki ikalihesabu, likala namba zake, la nne likachukua zilizofuata. Chanki ya magharibi ikaliruka, na la nne likachukua namba zilizokuwa za la tatu. Kuanzia hapo kila tawi limevaa nguo za mwenzake. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kitu kilichokwama, pande zote mbili zilikuwa sahihi kwa mujibu wa hesabu zake.

Kwa hiyo mti unahesabiwa wote, hata tawi ambalo hutalichora, hata kama chanki yako itapata majani manne tu ya pembeni. Unapata kiunzi kizima, orodha ya vipande vya mistari na unene wake, na kukata kunafanyika mwisho kabisa, wakati wa kuandika bloku. Nilihofia uzito, bure. Kiunzi ni mistari mia kadhaa, kompyuta inaimaliza kabla hujapepesa. Kinachochosha ni kujaza bloku, na hizo unajaza zako tu. (Mtego mwingine wa jamaa moja: kwenye Lua ukipitia jedwali kwa pairs, hakuna ahadi kwamba mpangilio utakuwa uleule kila mara. Matawi yapitie kwa namba, moja, mbili, tatu.)

Sisi tulikuwa na nafuu ambayo mwenye milima hana. Tunatumia uwanda wa flat, aina ya ramani ya Luanti ambamo ardhi iko kimo cha 8 kila mahali, na kwa mji wa pwani kama huu si uongo mkubwa sana. Chanki ya jirani ikitaka kujua shina limesimama kimo gani, jibu ni 9. Kwenye ulimwengu wenye vilima jibu hilo lazima nalo lipatikane kwa hesabu, bila kuitazama ardhi ambayo haijaumbwa; yaani uwe na fomula ya kimo unayoweza kuiuliza mahali popote. Asiyekuwa nayo, mibuyu yake itaelea au itazama.

Modi inaitwa mara moja tu kwa kila chanki, wakati wa kuzaliwa. Mji wetu ulikuwa umeshazaliwa zamani, kwa hiyo hakuna tawi ambalo lingechorwa humo, na mbuyu wowote ulioota kando yake ungenyolewa tena pale ulimwengu mpya unapopakana na wa zamani. Ipo amri ya /deleteblocks inayofuta ardhi ili izaliwe upya, lakini nani angethubutu kuitaja mbele ya watu waliojenga Ngome Kongwe kwa mkono. Tuliuzungushia mji mstari wa kufikirika: mti ambao jani lake lolote lingeuvuka haupo kabisa, hata shina lake likiwa mbali.

Majani ya mchezo wa kawaida huanza kunyauka shina likikatwa, kwa umbali wa bloku tatu tu, kwa hiyo ukiangusha mbuyu mkubwa unaacha mawingu ya kijani angani. Tukajitengenezea majani yetu yasiyonyauka. Vivuli ndivyo bado. Chanki ya chini ikizaliwa kabla ya ya juu haijui kuwa kuna majani yanakuja, inajipa jua lote, na baadaye kivuli kinaonekana kina pembe. Amri ya /fixlight inarekebisha, lakini ni mtu aende aiandike. Sijaipatia dawa nyingine ya kuniridhisha.

Ndipo akaja babu wa mmoja wao, fundi wa majahazi, kumfuata mjukuu aliyechelewa nyumbani.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Nini hicho?”

Wakamzungusha mbuyu mzima, bloku 60, hauna kovu hata moja, kutoka mizizi hadi kilele. Alitazama muda mrefu, mikono nyuma.

“Kazi nzuri,” alisema. “Huu mvule.”

Hakuna aliyecheka. Akaendelea, kwa upole wa mtu aliyekagua mbao maisha yake yote: mvule ndio unaokwenda juu na kugawanya mwili wake polepole, shina kwa tawi, tawi kwa kitawi. Mbuyu haupandi, unanenepa. Kisha pale juu unaishiwa ghafla, unatoa vidole vyembamba kama mizizi iliyopotea njia. “Na nusu ya mwaka hauna jani.”

Alikuwa amegusa fomula yangu bila kuiona. Leonardo da Vinci aliandika kwamba matawi ya mti, yakijumlishwa unene wake katika kimo chochote, yanalingana na shina. Nilikuwa nimeifuata kwa uaminifu: tawi likigawanyika mara mbili sawa, kila mtoto anachukua nusukipenyo cha 0.71 ya mzazi. Ndiyo iliyoipa miti yetu uzuri, na ndiyo iliyoifanya mivule. Binti aliniangalia tu. Swali lake la siku ile, “Ule ni mbuyu?”, lilikuwa bado liko mezani.

Tukashusha kimo hadi 34, tukapanua shina hadi bloku 13, na matawi ya kwanza tukayaanza na robo ya unene wa shina badala ya kufuata kanuni. Mizizi ya juu tuliiacha ivimbe. Kimo cha 34 hakifiki hata karibu na 63. Maana yake, tungemwita babu mapema, kukatwa vichwa kusingetokea kabisa. Kunyolewa kungetokea tu: matawi yalibaki 40 kwenda pembeni, kwa sababu hapo vijana waligoma na babu mwenyewe alisema mbuyu wa misheni kivuli chake hakipimwi.

Huo wa misheni hatukuuachia nasibu. Uko kwenye orodha ndogo ya miti yenye mahali maalumu, inayosomwa pamoja na ile ya viwanja. Eneo la misheni lilikuwa halijaguswa, kaskazini mwa mji, ambako hakuna mchezaji aliyekuwa amefika, na binti ndiye aliyechagua kitovu cha shina: kati ya 527 na 528, mstari hasa ambao chanki moja inaisha na nyingine inaanza. Nilimuuliza kwa nini ajitafutie balaa wakati nafasi ni tele. Akasema mti ukikaa katikati ya chanki hautamwambia kitu.

Jumamosi iliyofuata walikwenda kwa miguu kutoka mjini, kundi zima, ili chanki zizaliwe mbele yao. Nusu ya kusini ilitokea kwanza, ukuta bapa wa mbao na majani kama ule wa siku ya kwanza, na kijana wa kidato cha tatu akashika kichwa. Hatua chache mbele nusu ya pili ikashuka. Binti alikwishatangulia kulizunguka shina akitafuta mnyororo aliouandika mwenyewe, bloku tisa za chuma, sita zikiwa ndani ya gome. Aliukuta upande wa bahari. Pete mbili zinaonekana kusini mwa mpaka, moja kaskazini.